Ulikuwa Umeiweka Wapi?

Mswahili ana swali moja ambalo hawezi kulimeza hata akipewa maji. Mtu akitokea amelowa jasho, mkoba umechanwa, midomo inamcheza, akisema ameibiwa, pole hatumpi. Tunamuuliza: "Kwani ulikuwa umeiweka wapi?" Akisema mfukoni, msonyo. Mfuko upi? Wa nyuma! Mjini hapa nani bado anaweka hela mfuko wa nyuma? Akisema kwenye mkoba, msonyo wa pili, mrefu kuliko wa kwanza. Akisema kifuani, ndani ya sidiria, hapo watu wanasogeza viti, wanataka maelezo kamili mwizi alifikaje huko. Kabla hajaketi keshahukumiwa, na aliyemwibia yuko Buguruni anakula chipsi mayai.

Nalisema hili kwa sababu kijiwe chetu, hapa nyuma ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kina mada moja tu tangu mama wa mapazia arudi kutoka Uturuki. Simba na Yanga wamewekwa kiporo, na mwenye akili zake anajua hilo si jambo dogo. Mzee wa kahawa anasahau kudai hela za vikombe. Fundi cherehani kapunguza suruali ya mteja mguu mmoja, wa pili kausahau, akasingizia umeme.

Mama wa mapazia nani asiyemjua? Anakwenda Istanbul kufunga mzigo kama wenzake wanavyokwenda Guangzhou na Dubai, na mtaa wake huko ni Laleli. Laleli ni maduka ya jumla tupu, ghorofa juu ya ghorofa. Ulipovunjika Umoja wa Kisovieti mwaka 1991, wachuuzi kutoka Urusi na nchi jirani walimiminika pale na mabegi matupu, wakayarudisha kwao yamevimba, na hadi leo kuna wauzaji watakaokuita kwa Kirusi kabla hawajakutazama vizuri usoni. Halafu tukaja Waafrika. Mapazia yale mazito na mazulia yale ya kuzamisha mguu, mwenye duka wa hapa akitaka kukupandishia bei anakwambia neno moja tu: "Ya Uturuki."

Basi mama, asubuhi, kapanda tramu, ile inayopita Eminönü, Sultanahmet na Beyazıt kabla ya kufika Laleli. Watalii wamejaa, wanafunzi wamejaa, mtu anapumulia kisogo cha mwenzake. Mkoba kaukumbatia mbele, kama anavyofundishwa kila mtu. Kashuka Laleli, kaona mkoba mwepesi. Umechanwa kwa chini. Wembe. Dola hakuna, pasipoti hakuna, simu hakuna. Kimebaki kitana na tasbihi.

"Sasa," akaingilia dalali, mtu asiyeweza kungoja, "hela zote, pasipoti na simu kaviweka pamoja? Mama mzima huyu?"

Si nilisema? Swali hilo halimezeki. Mzee wa kahawa akamtazama tu, akagongesha vikombe vyake, kah-kah-kah, maana yake nyamaza.

Kiasi kilichoibiwa mwenyewe hajakitaja, na kwa kuwa hajakitaja kijiwe kimemsaidia. Asubuhi zilikuwa dola elfu nne. Baada ya adhuhuri zikawa elfu tisa. Bodaboda mmoja aliyepitia kunywa kahawa jioni aliondoka akiwa na uhakika kwamba ni elfu ishirini na kilo moja ya dhahabu.

Mama anasema miguu ilimwisha. Akaketi kwenye ngazi za jengo moja la maduka, akalia kwa Kiswahili. Analisisitiza hilo mwenyewe: kwa Kiswahili, kwa sauti, "Mama yangu wee, nimekwisha!" Watu wanapita. Kuna mzee pale kazi yake kupeleka chai madukani, wanao wengi huko, wanabeba sinia linaloning'inia kwenye vishikio vitatu na bilauri ndogo zilizobanwa kiunoni, na haimwagiki hata tone. Akapita. Akarudi. Akachuchumaa, akamwekea bilauri moja na vipande viwili vya sukari. Mama akamwonyesha mkoba uliochanwa, kama kusema sina hela, baba, usinidai. Yule mzee akainua kidevu juu, akapiga ulimi: tsk!

Mama akaangua kilio upya. Mwanamke wa Kariakoo huyu, msonyo anaujua tangu tumboni. Akajua hapa nako nimesonywa, hata Ulaya na Asia zinakokutana naambiwa mzembe. Kumbe Waturuki wakiinua kidevu na kupiga ulimi hivyo wanasema hapana. Mzee wa watu alikuwa anamwambia hapana, hulipi. Ikabidi aisukume bilauri mara ya pili mpaka ikagusa goti lake.

Hapo fundi cherehani akasimamisha mashine. "Hakumuuliza ameibiwaje?"

"Angemuuliza kwa lugha gani?" akasema Mwalimu, ambaye amestaafu kazi lakini kusahihisha watu hajastaafu. "Na hata angekuwa na lugha, fundi, angemuuliza ili iweje?"

Wa pili kuja alikuwa kijana mweusi mwenye robota begani. Laleli na Kumkapı iliyo chini yake kuna vijana wengi wa Kiafrika wanaobeba mizigo ya maduka na kuifikisha kwa mawakala wa kusafirisha. Huyu alikuwa Mkongo, wa Bukavu. Kusikia kile kilio, akalitua robota. "Mama, bamekuibia? Usilie mama, banaibaka sana humu." Kijiwe kikacheka hapo. Kila Mkongo akifungua mdomo Kariakoo tunacheka, ndiyo adabu yetu. Mama hakucheka. Anasema hajawahi kusikia Kiswahili kitamu kama kile, na zile "ba" zake aziongeze tu.

Kijana akamwachia mzigo wake yule mzee wa chai, akamwongoza mama mpaka karibu na kituo cha polisi. Karibu, si ndani. Alisimama ng'ambo ya barabara, akamwonyesha mlango kwa kidole. Hana karatasi za kuishi kule. Akiingia kusema "huyu ni mama yetu kaibiwa," anaweza asitoke, au akatoka na tiketi ya kurudishwa kwao. Akamwandikia kwenye kipande cha boksi maneno machache ya Kituruki: nimeibiwa, pasipoti, tramu, Laleli. Akamngoja palepale ng'ambo mpaka akatoka na karatasi ya polisi yenye muhuri, na hiyo haikuwa shughuli ya dakika kumi. Ujira wake wa siku ulikuwa unayeyuka huku amesimama.

Mimi hapo ndipo nilipomwelewa mama anapoapa kwamba hakwenda Uturuki kuibiwa, alikwenda kuona watu. Mwenye nyumba na kazi akikupa chai, ametoa chai. Huyu mwingine alikuwa anaweka rehani kila alichonacho, ambacho ni kule kutojulikana kwake, kwa ajili ya mama ambaye pengine hatamwona tena.

Haya, njoo kwenye hela. Hapa ndipo kijiwe kilipopandisha mori.

Aliyeibiwa ugenini ana maradhi mawili. La kwanza ni kwamba hana hela. La pili, na ndilo baya zaidi, hana jina. Ndugu zako wanaweza kuuza ng'ombe leo wakakutumia, lakini kwenye dirisha la kupokelea wanataka kitambulisho, na kitambulisho chako kinauzwa mahali. Hela imefika, iko pale, inakutazama kupitia kioo. Hoteli aliyofikia ilikuwa na nakala ya pasipoti yake, wakampa, ikamfaa polisi na baadaye ubalozini, lakini dirishani nakala si kitu. Njia iliyobaki ni moja: hela itumwe kwa jina la mtu mwingine mwenye kitambulisho cha nchi ile. Na mtu mwingine aliyekuwapo alikuwa mzee wa chai.

Lakini kwanza lazima umpigie mtu wa kutuma. Namba? Nani siku hizi ana namba ya mtu kichwani? Simu ndiyo ilikuwa kichwa. Mama namba ya mumewe haijui, ya dada yake haijui, ya mwanawe aliyemzaa kwa uchungu haijui. Anayoijua ni moja, ile iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha duka lake, maana ameitazama kila siku akifungua kufuli. Na hiyo simu anakaa nayo kijana wake wa dukani.

Sasa jiweke kwenye viatu vya kijana. Uko Kariakoo, saa za jioni, wateja wamejaa, simu inaita namba ndefu ya ajabu inayoanza na 90. Unapokea, kuna upepo na kelele za tramu, sauti ya mwanamke analia: "Mwanangu, ni mimi mama yako, nimeibiwa kila kitu, tuma hela kwa jina nitakalokupa." Wewe ni Mtanzania. Umeshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mara ngapi maishani? Tulidhani ungekoma laini ziliposajiliwa kwa alama za vidole, kuanzia mwaka 2019, wapi! Kijana akafanya alichofundishwa na mji huu. Akasema, "Mama yangu yuko salama, tafuta kazi ya kufanya, tapeli we!" Akakata.

Alipopigiwa tena akakata. Ya tatu akapokea ili atukane vizuri. Na mama, ambaye sasa machozi yamekauka na hasira zimeingia, akampa uthibitisho ambao hakuna tapeli wa Dar, Lagos wala Istanbul angeweza kuwa nao: "Ile elfu kumi na tano ya lile pazia la kijani uliyokula Jumamosi ukadhani sijaona, unaikumbuka?"

Kimya. Halafu: "Shikamoo mama."

Kijiwe kilikufa kwa kicheko. Mzee wa kahawa alilazimika kuweka birika chini. Lakini kicheko hakikudumu, maana kijana akawa amekwenda kwa kaka yake mama, na kaka mtu akaja hapahapa kutuomba ushauri kabla ya kutuma. Wengi mliokuwapo siku ile mnakumbuka tulivyomshauri. Dalali alikuwa wa kwanza: "Kaka, dada yako ameibiwa asubuhi na Mturuki asiyemjua, jioni unamtumia hela Mturuki mwingine asiyemjua? Umelogwa?" Bodaboda akasema huo ni mtandao mmoja, wa wembe na wa chai wanagawana. Fundi akapendekeza mzee wa chai apigwe picha ameshika kitambulisho na gazeti la siku hiyo, kama wanavyofanya watekaji kwenye sinema. Mtu mwingine, simtaji, aliuliza kwa nini asitume nusu kwanza amjaribu.

Tulikuwa tunamlinda. Kila mtu alikuwa anamlinda mama na hela za mama, kwa moyo wote. Ila wakati tunamlinda, yeye alikuwa kwenye ngazi, giza linaingia, na mtu pekee aliyeuliza kama ana njaa alikuwa yule tuliyekuwa tunamlinda naye.

Kaka akatuma. Alisema hela inaweza kupotea mara mbili lakini dada anao mmoja. Mzee wa chai akaenda dirishani na kitambulisho chake, mama pembeni, Mkongo wa Bukavu nje mlangoni. Akapokea, akahesabu mbele ya mama, noti kwa noti, akampa na risiti. Mama akavuta noti moja ampe. Kidevu juu, tsk! Safari hii alielewa. Kisha wakapita tanuri la mikate. Huko kuna desturi, wanaiita askıda ekmek: mnunuzi mwenye nafasi analipia mikate miwili, anachukua mmoja, wa pili unabaki kwa yeyote atakayeuhitaji. Anayekuja kuuchukua haulizwi jina. Mzee akachukua mmoja kwa ajili ya Mkongo, wake akaulipia.

"Hakuna barua ya mtendaji wa mtaa?" akauliza fundi.

"Wala picha mbili za pasipoti," akajibu Mwalimu.

Mengine yalikwenda haraka. Ubalozi wetu uko Ankara, si Istanbul, kwa sababu Waturuki walihamishia makao makuu Ankara mwaka 1923 na biashara ikabaki ilipo, jambo ambalo sisi wa Dar na Dodoma hatuhitaji kuelezwa. Umbali wenyewe unalingana, kilomita kama 450. Kwenye basi, karatasi ya polisi ilipokewa badala ya pasipoti, na utingo, ambaye kule anavaa kizibao na kugawa chai, alimketisha pembeni ya bibi mmoja, kwa kuwa mwanamke anayesafiri peke yake hawamweki karibu na mwanaume asiyemjua. Wakapita kuwamiminia abiria marashi ya limau viganjani. Bibi akammenyea mama chungwa lote, akamlisha kama mtoto. Ubalozini akapewa hati ya dharura ya kumrudisha nyumbani. Ubalozi kazi yake ndiyo hiyo, kukurudishia jina. Wanaodhani unalipia hoteli na kufidia mzigo wakaulize kwanza kabla ya kwenda kubwatuka pale mapokezi.

Dalali alivumilia mpaka hapo. "Sawa. Lakini mwizi alikamatwa?"

Nami nikamtazama kila mtu pale kijiweni, kila mtu alikuwa na swali hilo usoni. Hata mimi. Mwizi! Tunamtaka mwizi! Hadithi bila mwizi kufungwa kamba inatuachia njaa.

Mwalimu ndiye aliyejibu, na kama kawaida yake alianzia mbali. Akatuuliza kama tunamjua Ibn Battuta. Tukasema ndiyo, yule Mwarabu. Akasonya: si Mwarabu wa Arabuni, ni mtu wa Tangier, Moroko, na mwaka 1331 alifika huku kwetu, akalala Mombasa, akaenda Kilwa, akausifu mji. Miaka kumi na kitu baadaye yuko India, Sultani wa Delhi kamtuma ujumbe kwenda China na zawadi tele. Karibu na Koil, mji unaoitwa Aligarh sasa, akatekwa na majambazi, wakamnyang'anya. Akatangatanga siku kadhaa, anajificha, anakula majani, anateka maji kisimani kwa kufunga kiatu kwenye kitambaa, na kiatu nacho kikamdondokea humo. Akatokea mtu mweusi mwenye gudulia na fimbo. Akampa maji. Akampa dengu nyeusi za kukaanga na wali kidogo. Alipoona hawezi kutembea, akambeba begani mpaka kijijini, akatoweka.

"Na hiyo ni mara ya kwanza," akasema Mwalimu, amekolea. Baadaye, baharini nje ya pwani ya Malabar, maharamia wakamwibia vyote, hata vito alivyopewa na mfalme wa Ceylon, wakamwachia suruali aliyovaa. Akashuka Calicut hivyohivyo, msafiri wa masultani, kifua wazi, akaingia msikitini. Faqihi mmoja akamletea nguo. Kadhi akamletea kilemba. Mfanyabiashara akamletea nguo nyingine. Miaka mingi baadaye, amerudi kwao, anamsimulia karani kitabu kilichokamilika mwaka 1355, maharamia wale hakuwa na jina hata moja la kuwataja. Lakini kilemba kilitoka kwa nani, na ile nguo nyingine kwa nani, hilo bado alikuwa nalo.

"Ulizeni hata wenye dini," Mwalimu akamalizia, akamtupia mpira mzee wa kahawa.

Mzee wa kahawa ni mtu wa maneno machache. Akasema tu kwamba zaka ina mafungu manane na msafiri aliyeharibikiwa njiani ana fungu lake, hata kama kwao ana majumba. Hakuna pahala palipoandikwa aulizwe kwanza alikuwa ameweka wapi. Kisha akamgeukia dalali. "Na wewe unamtaka mwizi. Yule Mkongo wa mwezi wa Ramadhani, mwizi wake si tulimkamata?"

Aa. Hapo paliuma.

Wakongo, Wazambia, Warundi, Wakomoro, wote hao wanakuja kununua Kariakoo. Tunaishi kwa hela zao. Yule bwana wa Lubumbashi alinyang'anywa begi palepale kona ya Msimbazi, mchana. Ilipigwa kelele moja tu ya "Mwizi!" na mtaa mzima ukawa na mbio. Vijana wa hapa, wabeba mizigo, machinga, mpaka muuza miwa na panga lake. Mwizi akakamatwa, akapigwa, polisi wakamwokoa wakati kabaki pumzi. Begi halikuonekana, lilishapita mikono mitatu. Watu walirudi vijiweni wamelowa jasho na furaha, kila mmoja akieleza teke lake lilimpata wapi. Mzee wa kahawa siku ile hakukimbia, magoti yake mabovu, ndiyo maana aliona tusichokiona: yule Mkongo kabaki peke yake katikati ya barabara, hana simu, hana hela, hajui arudi vipi hotelini, na magari yanampigia honi asogee.

"Nilimpa kahawa," mzee akasema. "Akaniuliza, mbona bote bamekimbia?"

Bodaboda akajitetea, na utetezi wake haukuwa wa kipuuzi. Akasema: babu, mji huu umeharibiwa na matapeli. Nenda kituo cha mabasi cha Mbezi utamkuta yule kijana mwenye begi la mgongoni na macho mekundu, "kaka nimeibiwa, naomba nauli ya Morogoro." Mwezi ujao yupo, bado anakwenda Morogoro, na begi lilelile. Wazungu nao walipata zao za barua pepe: rafiki yako kaibiwa London, mtumie pesa upesi, na rafiki mwenyewe kalala kwake hana habari. Kila anayeigiza kuibiwa anamwibia aliyeibiwa kweli atakayekuja nyuma yake. Anamwibia zile dakika mbili za kuaminiwa.

Ni kweli tupu, na dogo aliisema vizuri kuliko ambavyo ningeiandika. Lakini tazameni mama alipewa nini siku ile nzima. Chai. Mahali pa kukaa bila kufukuzwa. Maneno manne kwenye kipande cha boksi. Mtu wa kusimama ng'ambo ya barabara. Simu ya kupiga. Chungwa. Hela hakupewa hata kuruşi moja. Hela ilikuwa yake mwenyewe, ilitumwa na kaka yake. Sasa niambieni, tapeli gani anataka hivyo? Mwambie yule wa Mbezi, "Njoo tukae, unywe chai, halafu nikusindikize polisi, kisha twende dirishani nikukatie tiketi ya Morogoro upande nikikuona." Atakumbuka ghafla kwamba ana mjomba Kimara. Aliyeibiwa kweli atakushika mkono wala asiuachie. Kwa hiyo hii hofu ya kutapeliwa tunaibeba bure, kwa mizigo ambayo mara nyingi hata hatukuombwa kuibeba.

Dalali akasonya, akasema mambo ya Waturuki ni ya Waturuki, kule si ndiko alikochanwa mkoba? Wapo wema, wapo wembe. Hakuna aliyembishia, maana alikuwa sahihi. Tramu moja, asubuhi moja. Ila nilimwona jana akimwelekeza mama mmoja wa Kizambia duka la vitenge, akamfikisha mpaka mlangoni, na hakudai chake cha juu. Huenda alikuwa anaumwa.

Mama amekwishatuma mzigo wa kwanza wa shukrani: kahawa ya Bukoba kwa mzee wa chai. Kijiwe kilipinga. Humpelekei mtu wa chai kahawa, ni matusi. Fundi alitaka ashonewe koti. Kwa yule Mkongo ndipo pana shida zaidi, kwa sababu mtu asiye na karatasi hana anwani, na mama anajua jina lake moja tu na kona anayosimama asubuhi. Ameapa akirudi ataanzia pale, kabla ya maduka. Hela ya safari hiyo bado anaitafuta, mapazia yanauzwa polepole, kodi ya fremu iko palepale.

Ambalo bado halijaamuliwa ni ile elfu kumi na tano. Mama anataka kuikata kwenye mshahara wa kijana. Kijana amekuja kijiweni kukata rufaa, tena amekuja na hoja: kama asingeila, mama angethibitishaje kwamba ni yeye? Si ingekuwa mpaka leo yuko kwenye ngazi? Anadai isihesabiwe wizi, ihesabiwe gharama za mawasiliano. Dalali yuko upande wake, jambo lisiloshangaza mtu. Mwalimu anasema wizi ni wizi hata ukikufaa. Mzee wa kahawa ameomba apewe muda, na muda wote huo kijana anakunywa kahawa kwa mkopo.